Mpishi Anakula Kwanza

4 Februari

Dada yangu,

Nimefika salama, kwa hiyo futa machozi. Najua umelia, hata kama ulijifanya una mafua pale uwanja wa ndege.

Usingoje simu. Simu yangu ilichukuliwa mlangoni siku ile ile, ikafungiwa kabatini pamoja na pasi yangu. Mzee mwenye nyumba hataki simu ndani, anasema zina masikio. Si mimi tu, hata wanawe wawili wakija kumtembelea huacha zao kwenye kikapu nje. Basi tutaandikiana kama watu wa zamani. Nakutumia kwa sanduku la posta la shule yako, maana hilo nimelisoma ukutani pale kantini kwako miaka yote nikikatia vitunguu. Barua anazipeleka posta Dereva wa hapa, ambaye anababaisha lugha yetu kidogo.

Nyumba ni kubwa, ya kupotea, lakini tunalala wawili tu: Mzee, ambaye alifiwa na mkewe, na mimi. Jiko ungeliona ungetaka kuhamia. Ila kila kabati lina kufuli, mpaka la chumvi, na funguo Mzee anazivaa shingoni. Anafungua mwenyewe asubuhi. Kwanza nilidhani ananiona mdokozi, nikanuna. Lakini sikiliza kilichotokea.

Nimepika wali na mchuzi wa kuku, nimempelekea mezani, nimerudi jikoni kukwangua ukoko kama tulivyozoea. Si unajua marehemu mama alivyotulea: mpishi anakula mwisho, tena kilichobaki. Mara naitwa. Mzee amevuta kiti. Ananionyesha sahani yake, yake Dada, siyo yangu, ananipa kijiko, kisha anasema kwa lugha yetu kabisa, "Kula kwanza." Kijiko kiliniponyoka! Anajua maneno hayo, na mengine mawili hivi ya kuniuliza najisikiaje, basi. Sijui nani kamfundisha.

Nadhani ndiyo desturi ya nchi hii. Mpishi anawekwa mbele kama bibi harusi.

Mdogo wako,
Kitinda

25 Februari

Kitinda wewe,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, halafu nikawasomea wenzangu wote wa kantini mpaka maharage yakashika chini. Walimu wamelalamika harufu ya kuungua. Nikawaambia waniache, mdogo wangu anakula sahani moja na tajiri.

Nimepikia harusi za watu, misiba ya watu, na watoto wa watu mia kadhaa kila siku. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunivutia kiti. Shemeji yako ndiyo usiseme. Yeye akishiba ndiyo anakumbuka kuuliza, "Kwani nyie mmekula?" Na sufuria anaiona iko tupu!

Sasa nakuomba, usituaibishe. Nakujua, una haya za kijinga. Ukiambiwa kula, kula. Usidonoe kama kuku mgonjwa, watasema tulikulea kwa njaa. Maliza ulichopewa, ushukuru, ufunge mdomo kuhusu makufuli ya watu. Mtu mwenye mali ana haki ya kuwa na funguo zake.

Binti yangu Kidosho anakusalimia. Amemaliza chuo, kazi hakuna, anashinda kutwa amejilaza kwenye kochi akinimalizia mkate. Mwili unamwongezeka, akili imesimama. Anasema mamdogo amewahi kuonja maisha. Kula na wewe, mama. Tunakuombea.

Dada yako

20 Machi

Dada,

Utanicheka, lakini siku hizi hata nikiwa peke yangu siwezi kula kwa mkono. Nimekuwa mtu wa kijiko. Pilipili nimeacha, maana Mzee anasema, Dereva akitafsiri, kwamba pilipili inaficha ladha. Na chakula cha moto nimekisahau. Mimi niliyekuwa nikila wali unatoa moshi!

Ni hivi. Huku hawali chakula mpaka kipoe. Nikishakula vijiko vyangu vinne vitano, Mzee anafunika sahani, tunakaa. Hatuongei. Yeye ananiangalia, mimi naangalia kitambaa cha meza. Tunakaa hivyo mpaka mafuta ya mchuzi yanaganda juu. Halafu ananiuliza, "Unajisikiaje?" Nikisema vizuri, anashusha pumzi, anaanza kula. Asubuhi hivyo, mchana hivyo, jioni hivyo. Mwanzoni nilikuwa nasikia aibu kuangaliwa nikitafuna. Sasa nimezoea. Tangu mama afariki hakuna mtu aliyeniuliza mara tatu kwa siku nimeamkaje na nimeshindaje.

Jumapili wanawe walikuja. Mkubwa ana mdomo mrefu wa kugombana, mdogo anacheka na kila mtu na huleta vitu vya jikoni: asali, siagi, chumvi ya kusagwa vizuri. Walizozana na baba yao kuhusu nyumba na kiwanda, hilo nalijua kwa kuwa Mzee alikuwa akionyesha kuta na kupiga kifua. Walipoondoka aliniita nile kipande cha keki waliyoleta. Kisha tukakaa muda mrefu kuliko siku zote.

Dereva ni mtu wa ajabu. Hali humu ndani. Nikimpakulia anatikisa kichwa, anakwenda kula mkate wake ndani ya gari amefunga vioo. Nikamuuliza kwani mapishi yangu yana nini? Akasema, "Dada, mimi nina watoto." Nikamwambia hata kama, mwenye watoto hali? Akaondoka.

Jambo jingine. Nyuma ya mlango wa stoo kuna viatu vya kike, vya wazi, kama vile tulivyokuwa tukinunua sokoni kwetu. Vya mpishi aliyekuwepo kabla yangu. Dereva anasema alirudi kwao. Nimekuwa nikijiuliza, mtu anarudi kwao peku?

Usijali. Ni upweke tu unanifanya nichunguze viatu vya watu.

Mdogo wako,
Kitinda

12 Aprili

Mdogo wangu,

Umenivunja mbavu. Unajua nilichofanya? Juzi nimepika, nimepakua, shemeji yako kaja kanawa mikono kama kawaida yake. Nikamwambia stop hapo hapo! Siku hizi tunafuata desturi za nje, mpishi anakula kwanza. Nikala vijiko vitano, nikafunika sahani, nikamwambia sasa uniulize najisikiaje. Weee! Alinitazama kama nimerukwa na akili. Kidosho alicheka mpaka akalala sakafuni. Lakini mwishowe aliuliza, kwa sauti ya kinyongo, nami nikamjibu vizuri sana mume wangu. Chakula kilikuwa kimepoa kweli. Sielewi mnakulaje hivyo, lakini ugeni ni ugeni.

Huyo Dereva ana wivu, hana lolote. Anakuona wewe wa juzi juzi unakalishwa mezani na yeye miaka yote anakula garini. Mpe salamu, lakini usimpe siri zako. Na viatu, jamani, si mwenzako alinunua vipya akaviacha vya zamani? Mimi nikipata hela naanza na viatu. Vijaribu, kama vinakutosha vaa.

Hujasema kama umenenepa. Kula nyama mara tatu kwa siku lazima uwe umejaa. Tuma picha.

Kidosho ameniganda, anataka na yeye aje huko. Nimemwambia atulie.

Dada yako

9 Mei

Dada,

Picha sitatuma, nywele haziko sawa. Zinakatika kidogo, nadhani maji ya huku ni makali. Na wala sijanenepa, nimepungua. Nguo zile za safari nazifunga kwa pini.

Nitakuambia ukweli lakini usimwambie mtu. Tumbo linanisumbua. Natapika, hasa asubuhi. Mdomoni nasikia ladha ya chuma, kama nimeng'ata funguo. Na vidole vya miguu vimekufa ganzi. Ndiyo tumbo la ugenini, nadhani, litatulia. Samahani kwa mwandiko.

Ila Mzee, Mungu ambariki, amelivalia njuga suala hili. Tangu nianze kuumwa, hanipi tena sahani nzima. Ananipa kitu kimoja kimoja. Siku moja asali tupu, kijiko baada ya kijiko, siku ya pili maziwa tupu, siku ya tatu mkate na ile siagi. Kisha anakaa ananiangalia, anaandika mambo yake. Anatafuta ni chakula gani hakinipatani. Ni mwalimu gani wa afya angenifanyia hivyo? Yeye mwenyewe siku hizi hali mapishi yangu kabisa. Anachemsha mayai, anayamenya mwenyewe. Anasema kwa ishara kwamba hataki kunichosha.

Nimeomba nipelekwe hospitali, akasema bado. Nikiomba sana anafunga mlango wa jikoni taratibu, bila hasira.

Juzi alimwita Dereva atafsiri. Akauliza kama kwetu kuna ndugu mwingine, mwanamke, mwenye afya, mlaji mzuri asiyechagua chakula, aje kunisaidia. Dereva alichelewa sana kutafsiri mpaka Mzee akagonga meza. Mimi nikasema yupo, Kidosho wa dada yangu. Nimekosea? Nikiwa na mtu wa kwetu humu ndani hata kulala nitalala. Nyumba ni kimya mno. Nasikia saa ya ukutani hata nikiwa bafuni.

Mlete Kidosho, Dada. Nimechoka kuwa peke yangu.

Kitinda

1 Juni

We mtoto!

Natapika asubuhi. Mdomo una ladha ya chuma. Chakula hakipatani. Unamwandikia nani hivyo? Mimi nimezaa watoto wanne! Nilipokuwa na mimba ya Kidosho nilikuwa nanusa sabuni natapika, na mdomo ulikuwa kama nimelamba bati.

Ni huyo Dereva, siyo? Ndiyo maana anajidai hali chakula chako, danganya toto. Nilijua. Mtu anayekula amefunga vioo ana mambo ya kuficha. Ana watoto kasema mwenyewe, yaani ana mke, halafu na wewe umefumba macho. Nimekasirika kweli kweli. Sijamwambia mtu, hata shemeji yako. Nitakufa nayo.

Na Mzee wa watu anahangaika na asali na maziwa akidhani ni tumbo! Akijua atakufukuza. Jibane. Vaa nguo pana. Kula kila anachokupa hata kama kinarudi, asije akashtuka. Usiombe tena hospitali, huko ndiko watakakopima wakakuumbua. Unanisikia? Usiombe hospitali.

Habari njema ni kwamba wakala yule yule aliyekupeleka wewe alikuja kwangu mwenyewe, kabla hata barua yako haijafika. Amevaa suti. Mzee amekubali kulipa tiketi ya Kidosho na kila kitu. Picha zimepigwa, pasi inashughulikiwa. Kidosho anaruka ruka kama mbuzi. Akifika atashika jiko, wewe utajificha nyuma yake mpaka tujue la kufanya. Ndiyo maana Mungu alitupa ndugu.

Nimekasirika, lakini nakupenda. Usimkaribie tena huyo mwanamume.

Dada yako

24 Juni

Dada,

Usimlete Kidosho. Kama umeishia kusoma hapo inatosha. Usimlete.

Sina mimba. Ningetamani iwe mimba.

Dereva amefukuzwa. Kabla hajaondoka alikuja dirishani kwangu akaniambia yote, analia, mtu mzima mwenye ndevu. Dada, hakuna desturi. Tumekuwa wajinga, mimi na wewe. Hakuna mtu yeyote katika nchi hii anayemlisha mpishi kwanza. Watu wa huku wanakula kama watu wengine, chakula cha moto, wanacheka, wanajilamba. Mimi sijawahi kula nyumba nyingine, ningejuaje? Mzee anaogopa kulishwa sumu. Anaogopa wanawe, anaogopa ndugu zake wa kiwandani, anaogopa kila mtu. Aliyeonja kabla yangu alikuwa msichana wa kwetu, ndiye aliyemfundisha yale maneno. Hakurudi kwao. Alitolewa humu amefunikwa shuka, na Dereva ndiye aliyeendesha gari.

Nilikuwa nashukuru, Dada. Alikuwa akiniuliza najisikiaje, nami nilikuwa namwombea kwa Mungu kila usiku. Hilo ndilo linaloniuma kuliko tumbo.

Na sumu ipo kweli. Mzee anajua ipo, kwa kuwa ananiona. Nywele zimekwisha upande mmoja. Siwezi kupanda ngazi. Lakini hajui inaingilia kwenye kitu gani wala mkono wa nani, ndiyo maana hanipeleki hospitali, ndiyo maana ananipa asali siku moja na maziwa siku ya pili. Bado anatafuta. Jana ilikuwa chumvi. Nilikataa, nikafumba mdomo kama mtoto. Hakunipiga. Alikaa tu mbele yangu na kijiko, amefunga jiko, maji hakuna, mpaka kiu ikanishinda.

Na mimi nimekuwa sifai tena, maana naumwa kila siku, hawezi kujua kipi kimeniumiza leo na kipi cha jana. Anahitaji mtu mwenye afya na tumbo safi. Ndiyo Kidosho huyo. Nimemtaja mimi mwenyewe kwa mdomo wangu.

Mleta maziwa ameniazima simu yake getini. Nimeishika, nimeitazama. Namba yako siijui kichwani, Dada. Imo kwenye simu yangu kabatini. Nimejaribu kubahatisha, wamepokea watu wengine, salio likaisha. Sanduku la posta tu ndilo ninalolijua, kwa hiyo nampa barua hii naye ameapa kwa ishara, kwa jina la watoto wake, kwamba itaondoka leo. Geti lina kufuli na miguu yangu haina nguvu ya kupanda ukuta.

Nenda polisi. Mshike wakala yule kabla hajakimbia, yeye anajua nyumba hii ilipo. Na mfiche Kidosho, hata ikibidi umfungie chumbani. Chana pasi yake. Mwambie mamdogo wake kasema asije, hata akikuchukia maisha yake yote.

Kitinda

27 Juni

Kitinda, mdogo wangu,

Jibu lako najua bado liko njiani, lakini nahisi umenuna. Nilikuwa mkali mno kwenye barua ile. Yaishe. Mtoto ni mtoto, tutamlea, shemeji yako atapiga kelele wiki moja kisha atambeba mgongoni.

Mambo yamekwenda haraka kuliko tulivyodhani. Wakala alipiga simu, akasema Mzee anataka msichana aje mara moja. Akauliza mambo mawili tu: binti anaumwa umwa tumbo? Na anachagua chakula? Nikamwambia nani, huyu? Huyu anakula mpaka vya jirani. Akacheka, akasema vizuri sana, nafasi itakuwa wazi akifika. Nikamwambia siyo nafasi, anakwenda kumsaidia mama yake mdogo. Akasema ndiyo mama, ndiyo, kumsaidia.

Leo asubuhi nimemsindikiza. Amependeza, hungemjua. Barua hii naituma kutoka posta ya hapa hapa uwanjani, ingawa najua yeye atakufikia kabla yake.

Tangu wiki iliyopita namfundisha yote uliyoniandikia. Kijiko sasa anashika vizuri. Chakula kilichopoa nimemzoesha, alikuwa akikunja uso, sasa anameza. Nimemwambia asiwe na haya zako, asisubiri kuitwa mara mbili. Sahani ikishafika mezani, yeye ndiye aanze, na wewe usiguse kitu, wewe pumzika, zamu yako imetosha. Alikuwa na wasiwasi, anasema atawezaje kutafuna huku mzee wa watu anamkodolea macho. Nikamwambia mwanangu, vumilia, huko ndiko kuthaminiwa. Kula umalize.

Mpokee vizuri. Kwa furaha hajaweka kitu mdomoni tangu jana, kwa hiyo akifika atakuwa na njaa sana.

Dada yako